Aliyesahau Kuonja

Siku ya Mungu, 6 Oktoba 1968

Leo nimeona filme. Mara ya kwanza katika maisha yangu!

Kaye hii, daftari ya kuandikia, Sista Adelaïde alinipa zamani. Mpaka leo niliandika ndani yake uzito tu wa mutoto wangu Honoré, tangu azaliwe. Leo naandika kitu ingine, nisisahau.

Padiri Hubert alifunga madirisha ya sale, ile nyumba ya mikutano ya parokia, na mablanketi. Saa nane ya muchana giza ikatuingilia sawa tuko ndani ya chungu. Nje masini yake ya umeme ilinguruma sawa ngombe mugonjwa. Honoré alilala mugongoni. Heri.

Filme yenyewe ni ya wazungu wa zamani, haina rangi, nyeupe na nyeusi tu. Bwana na bibi yake, nyumba kubwa kupita ya askofu. Wanasema Kifaransa mbio-mbio! Basi Grégoire mukatekista alisimama na fimbo yake kando ya kitambaa nyeupe yenye filme inaonekana, akatutafsiria. Majina ya kule ilimushinda, akawapa yake: bwana ni Bwana Mustashi, bibi ni Mama Manyoya, sababu ya manyoya ya kuku kwenye kofia yake.

Mujomba wao tajiri anakunywa supu. Kijiko mukononi — tii! Amekufa. Na wageni kumi wako njiani wanakuja kula. Sasa hawa wawili wanafanya nini? Wanalia? Apana! Wanamuficha ndani ya kabati na wanagombana nani atafunga mulango. Kila muntu anayefungua kabati, mufu anamuangukia kifuani. Polisi anarudia nyuma, anaanguka ndani ya bwawa ya samaki. Mama Manyoya anaketi juu ya mufu, anafikiri ni muto wa kiti.

Sale nzima ilicheka mpaka machozi. Papa Kanyamibwa, papa mukubwa wa bwana yangu, alicheka kicheko yake ile — inapanda, inakatika sawa kwikwi, inapanda tena. Akapaza sauti: «Grégoire, uliza huyo bibi kama iko na dada!» Muzee wa miaka sabini! Mujane!

Mimi nilicheka na niliogopa pamoja. Kwetu kifo ikiingia nyumbani inafunga watu midomo. Kule inawafungua. Kwetu muntu akikufa tunauliza nani amemuloga, na jibu haikuji, inabaki kutembea-tembea katikati ya nyumba miaka na miaka. Mama Manyoya yeye anauliza, anachekesha, anauliza tena, na unasikia jibu iko inakaribia mulango. Alisema (Grégoire alisema kama amesema): usitafute kitu yenye iko, tafuta kitu yenye haiko. Yenye haikuwa pale ni glovu moja, ya mukono wa kushoto.

Na bwana yake hamupigi sababu ya mudomo wake. Anamujibu tu, naye anajibu, hawachoki. Sawa mimi na bwana yangu Séraphin mbele hajaenda Walikale kutengeneza madaraja. Miezi ine sasa.

Kisha — kap! Kitambaa ikabaki nyeupe. Padiri alitafuta ndani ya masanduku yake ya chuma, akatafuta, jasho inamutoka. Bobini ya mwisho, ile gurudumu yenye filme imezungushwa, haiko. Watu walipiga kelele sawa wameibiwa mbuzi. Nani aliua mujomba? Hakuna anayejua.

Papa Kanyamibwa alinishika mukono tukitoka. Akasema: «Mukaza-mwana yangu, mimi sikufi mbele sijajua.»


Siku ya pili, 8 Oktoba

Mvua toka asubui, hakuna kulima. Wote wakakuja kwangu, wanataka filme tena — kutoka mudomo wangu! Papa Kanyamibwa kwenye kiti yake ya miguu mitatu karibu na moto. Wifi yangu Céline. Majirani wawili. Hata mama mukwe, Mama Drocella, yenye alikataa kwenda sale, ati ile ni mambo ya mizimu.

Nikatia manyoya ya kuku kwenye lungo ya kupepetea, nikavaa lungo kichwani. Céline njo alikuwa mufu. Kila mara nilimufungulia kabati ananiangukia na ulimi nje! Nikawapa kasikisi, pombe yetu ya ndizi: wao kwenye nyungu kubwa, muzee kwenye kibuyu yake kidogo na murija wake, kama inavyotakiwa. Nilimupelekea huku natembea sawa Mama Manyoya, shingo juu, kiuno huku na huku.

Alicheka mpaka akashika kifua. Mama Drocella, yeye njo anamutunza na dawa yake ya kifua, alimupiga-piga mugongo, akanigombeza: «Inatosha wewe, utatuulia muzee!» Tukacheka zaidi.

Siku nzuri. Ningependa Séraphin angeniona na ile lungo.


Siku ya tatu, 9 Oktoba

Papa Kanyamibwa amekufa.

Céline alimukuta asubui, ameketi kitandani, mugongo kwenye ukuta. Mukono wa kuume ulikuwa juu kidogo, vidole vimefunga hewa. Sawa vimeshika kijiko.

Siwezi kuandika.


Siku ya tano, 11 Oktoba

Jana tulimuzika ndani ya shamba ya ndizi, chini ya mvua. Udongo ulikuwa unateleza, sanduku ikashuka upande moja. Nilisikia mudomo wangu unataka kucheka. Yesu wangu! Niliuma shali.

Leo kwenye moto ya matanga niliingia na kuni, wamama wakanyamaza. Wote mara moja. Nikafikiri ni heshima. Halafu Papa Kabera akaniita. Yeye ni mudogo wa marehemu, sasa njo mukubwa wa jamaa.

Aliuliza pole-pole, bila hasira. Kibuyu ya siku ya pili ilitoka mukononi mwako?

Ndiyo, Papa.

Uliionja mbele ya kumupa?

Hapo njo nilielewa.

Hapa kwetu mwenye kutoa kinywaji anaonja yeye kwanza, mbele ya macho ya mugeni. Kumutolea sumu, njo tunasema. Hata mutoto anajua; mama yangu alinifundisha hiyo mbele hajanifundisha sala ya Baba Yetu. Sijawahi kusahau siku hata moja. Ile siku mudomo wangu ulikuwa umejaa Mama Manyoya. Nilitoa kibuyu na nikageuka, nionyeshe ginsi polisi anaanguka.

Nilisema kweli. «Sikuonja, Papa. Nilisahau. Nilikuwa nachekesha watu.»

Nilisikia ginsi hiyo neno iliingia ndani ya nyumba. Nachekesha. Wengine walikunywa kwenye nyungu kubwa, wako wazima. Kibuyu kidogo alikunywa yeye peke yake.

Papa Kabera akasema baraza ya jamaa itaketi siku ya Mungu tarehe 20, misa ikiisha. Akasema tena, mwanamuke wa mukono sawa ule anarudi kwa wazazi wake. Mutoto ni wa jamaa, anabaki.

Honoré hajatimiza mwaka. Meno mawili tu. Iko ananyonya hapa nikiandika.


Siku ya Mungu, 13 Oktoba

Misa. Hakuna muntu aliketi kwenye benchi yangu.

Nilimuuliza Padiri Hubert kama bobini imeonekana — sijui juu ya nini niliuliza, katika shida hii yote! Alisema ilipanda kwa makosa kwenye kamion ya Walikale, wameionyesha kule peke yake. Itarudi na kamion ya Karangwa, ile inatoka Walikale, siku ya posho, tarehe 19. Akaniangalia, akaniuliza kama niko salama. Nikasema niko salama.

Kurudi, ukungu. Ukungu wetu wa Masisi unashuka toka malisho sawa maziwa inamwagika. Unaona mukono wako tu. Ngombe walipita karibu yangu, nilisikia pumzi, sikuona hata moja. Kwenye shamba ya ndizi, pale pale tulimuzika muzee, nikasikia.

Kicheko. Ikapanda. Ikakatika. Ikapanda tena.

Nikaita: Céline? Majani ilikuwa inadondosha maji. Honoré aliinua kichwa mugongoni na akasikiliza — nilisikia shingo yake inageuka.

Inawezekana ni ndege. Kuko ndege inalia vile, Séraphin aliniambia siku moja. Ao hakuniambia.


Siku ya pili, 15 Oktoba

Kiti ya muzee iko bado karibu na moto yangu. Hakuna muntu anakuja kuichukua. Hakuna muntu anakuja, kwa chochote.

Leo muchana Honoré alitambaa mpaka pale, akainua mikono yote mbili juu ya kiti, sawa alivyozoea wakati muzee anamubeba. Akacheka. Akangoja. Akacheka tena, sawa amejibiwa. Nilimuchukua haraka, nikamufunga mugongoni, nikatoka naye inje penye mwanga.

Kule inje nikaanza kufikiri sawa Mama Manyoya. Ni wazimu, najua. Lakini ningefikiri sawa nani? Wakubwa wetu wote wanatafuta nani ni mubaya. Yeye alitafuta glovu. Njo kitu nilipenda ndani ya filme ile, sasa naelewa: kifo yao iko na mukono, iko na saa, iko na mulango yenye ilifunguliwa. Inaweza kuisha.

Kwa hiyo: kitu gani haiko?

Nilienda kufagia chumba ya marehemu. Kazi hiyo hawaninyimi. Kiko yake, iko. Rozari, iko. Koti, viatu vya misa, fimbo. Kwenye dirisha kuko kifuniko ya chupa, ile alipimia dawa yake ya kifua. Moja asubui, moja magaribi. Kifuniko iko.

Chupa haiko.

Chupa nyeusi, ndefu, Mama Drocella aliinunua kwa muchuuzi mumoja wa Hombo. Alituambia muchuuzi alikataza kuzidisha, ati ni dawa kali.

Nikaketi chini kwenye vumbi nikakumbuka siku ile. Nilikumbuka pole-pole, sawa kurudisha filme nyuma. Céline ananiangukia. Wote wanacheka. Muzee ameshika kifua, anasema — alisema! — «Drocella, hii kicheko inanichoma, leo uniongezee.» Na Mama Drocella ananigombeza, kisha anainama juu ya kibuyu. Wote tulicheka na uso kwenye lungo yangu. Yeye peke yake alicheka ametupa mugongo.

Hakumuua. Nilikuwa naona ginsi alimupenda, alimumenyea hata viazi. Alimuongezea, njo hiyo tu. Muzee aliomba.

Lakini kwa nini hasemi?


Siku ya ine, 17 Oktoba

Mambo mawili leo.

Asubui walinituma kwa Mama Drocella kuchota maharagi ya watu wa matanga. Hakuwa nyumbani. Nikaingiza mukono ndani ya kitunga kubwa, mpaka kwenye kiwiko, na chini ya maharagi vidole vyangu vikagusa kitu. Baridi. Laini. Shingo ya chupa.

Nilibaki vile, mukono ndani, sawa nimekamatwa na nyoka. Sikuitoa. Nilichota maharagi, nikalainisha juu, nikatoka. Mulangoni nikakumbuka: sikuacha sawa nilivyokuta. Nilirudi kuangalia. Njo pale nilimuona Mama Drocella kwenye dirisha, amesimama nyuma ya nyumba na jembe, ananitazama. Na mimi nikasema tu: maharagi, Mama.

Muchana Hakorimana, yule anabeba chumvi kutoka Walikale, alileta barua ya Séraphin! Hajui bado kama papa mukubwa amekufa. Anasema mvua inakula madaraja kupita wanavyotengeneza. Anasema atapanda kamion ya Karangwa siku ya posho. Anauliza meno ya Honoré. Na anasema hii (naiandika sawa alivyoandika):

«Hapa misioni walituonyesha kipande ya filme, mwisho tu, hatukuelewa kitu. Bibi mumoja wa manyoya kichwani anakusanya watu wote ndani ya chumba moja, anawaketisha, anawapa glasi wanywe. Iko anaangalia nani hanywi. Mama mumoja muzee, aliyekuwa analia sana, anasimama na anakimbia. Watu wa huku walipiga kelele. Wewe mwenye kusoma, unaweza kunielezea alikuwa anakimbia nini?»

Nilicheka. Peke yangu, kwa sauti, ndani ya nyumba ya matanga! Mimi niko na kichwa ya filme, yeye iko na mukia. Tukilala kitanda moja tena tutakuwa na munyama muzima.

Halafu nikasoma tena. Mama muzee, aliyekuwa analia sana.

Filme si Evangile ya Yesu. Mama Drocella si ule mama muzee wa wazungu. Lakini ni nani analia kupita wote kwenye moto ya matanga, kama si yeye?


Siku ya posho, 19 Oktoba

Kamion haikukuja. Nilisimama barabarani na Honoré mpaka jua kuinama. Wanasema daraja moja imeenda na maji. Séraphin ni muntu wa madaraja. Labda njo yeye anaitengeneza sasa hivi, apite. Naamini hivyo. Lazima niamini.

Nikirudi nilimukuta Mama Drocella ameketi ndani ya nyumba yangu. Kwenye kiti ya muzee. Hakuna muntu aliikalia toka siku ile.

Akanyoosha mikono, nikamupa Honoré. Alimuimbia. Anamupenda kweli. Nikauliza:

«Mama, chupa ya papa mukubwa iko wapi?»

«Chupa gani?» Hakuinua macho. Akaendelea kuimba. Wimbo ikaisha, akaanza tena toka mwanzo. Katikati akaacha. «Wewe uko mutoto, Vestine. Ukifukuzwa uko na wazazi wako, wako wazima bado. Mimi mujane, nitaenda kwa nani? Kwenye kaburi ya mama yangu?»

«Mama, hakuna anayefukuzwa kama tunasema kweli. Aliomba mwenyewe. Nilisikia.»

«Ulisikia?»

«Nilisikia, Mama. Nitasema nilisikia.»

Alinitazama. Sikuweza kusoma ile uso. Ilikuwa sawa kitambaa ya sale wakati bobini iliisha. Kisha akapapasa shavu yangu na vidole vyake vya udongo.

«Umekonda. Utakausha mutoto. Kesho nitakuletea maziwa, unywe mbele baraza haijaketi.»

Akanirudishia Honoré. Alimurudisha pole-pole, kidole kwa kidole.


Siku ya Mungu, 20 Oktoba

Misa imeisha. Baraza iko inaketi ndani ya nyumba ya Papa Kabera. Mimi wameniweka chumba ya nyuma, wataniita. Naandika juu ya magoti. Nasikia viti. Nasikia Papa Kabera anakohoa. Grégoire mukatekista iko naye; nilimuomba akuje kusikiliza, anajua kutafsiri watu. Ukungu umefunga dirisha.

Nimejua nitakachosema. Nitasema bila Mama Manyoya, bila shingo juu. Hakuna mulozi ndani ya nyumba hii. Kuko muzee aliyecheka sana, akaomba dawa izidi, na mama aliyemupenda akamuongezea. Na mimi niliyesahau kuonja. Sote wawili tubaki na Honoré. Nitaomba hivyo. Inawezekana! Watu hawa walicheka pamoja ndani ya sale moja, wiki mbili tu zimepita.

Mama Drocella ameingia na maziwa.

Kikombe ya alimini, mvuke unapanda. Ameweka hapa, karibu na kaye. Macho yake ni mekundu. Amesema: kunywa mwanangu, iko moto. Ametoka.

Hakuonja.

Nimemuangalia vizuri, toka mulango mpaka hapa. Hakupeleka kikombe mudomoni. Hakujifanya hata.

Amesahau? Ana huzuni, huzuni inasahaulisha. Mimi nilisahau juu ya kucheka, na walikataa kuniamini. Nitamukatalia yeye? Nikiuliza, nimemuita mulozi. Nikinyamaza —

Honoré iko ananyoosha mukono kwenye kikombe. Amependa kungaa yake. Nimemusogeza.

Kule mbali, kwenye kona ya barabara, kitu inapiga honi. Ao ni ngombe ndani ya ukungu.

Papa Kabera ameniita jina. Mara moja.

Nimeshika kikombe. Nimesema, si kwa nguvu: «Mama, rudi kidogo. Tukunywe wote wawili. Anza wewe.»

Miguu yake imesimama nyuma ya mulango. Haiendi, hairudi.